Mteja Ndiye Mfadhili

Siku hizi ukimwuliza kijana aliyesomea kompyuta anafanya kazi gani, hakwambii anatengeneza nini wala anamwuzia nani. Hukwambia anatafuta mwekezaji. Ndiyo kazi yenyewe. Huamka asubuhi akaenda kutafuta mwekezaji kama wenzake wanavyokwenda shamba, na jioni akirudi mikono mitupu hujihesabu kuwa ameshinda kazini. Ana picha za kuonyesha ukutani, ana maneno ya dakika tano aliyoyakariri, ana vyeti vya kushiriki mashindano ya ubunifu, ana fulana mbili tatu zenye majina ya mashirika. Asichokuwa nacho ni mtu hata mmoja aliyewahi kumlipa shilingi elfu kumi kwa sababu programu yake imemwondolea taabu.

Ninaandika kuupinga mtindo huu. Nasema kwamba mtu anayetaka kuanzisha biashara ndogo ya programu za kompyuta katika nchi yetu, na hasa huku kwetu Unyamwezini, aianzishe kwa fedha za mfuko wake na aikuze kwa fedha za wateja wake. Fedha ya mwekezaji au ya mfadhili ikija mapema humwondolea ulazima wa kumsikiliza yule anayeitumia programu, na ulazima huo ndio mtaji pekee ambao mtu mdogo anao na mkubwa hana. Najua nitaitwa mshamba. Nimekwisha kuitwa.

Wenye kunicheka huanza na swali hili: Ulyankulu kuna biashara gani ya programu? Kule si ni miombo mitupu? Basi na tuanzie hapo.

Ulyankulu iko wilaya ya Kaliua, kaskazini-magharibi ya Tabora mjini. Watu wa mbali huijua kwa makazi ya wakimbizi wa Burundi yaliyofunguliwa mwaka 1972, au kwa kwaya zake, au kwa asali. Lakini kinachosomesha watoto kule kwa sehemu kubwa ni tumbaku, na tumbaku, ndugu msomaji, ni zao la hesabu kuliko zao lolote ninalolifahamu. Mkulima huchukua mbolea na pembejeo nyingine kwa mkopo kupitia chama chake cha msingi, ambacho siku hizi watu wote hukiita AMCOS. Masoko yakifunguliwa huleta marobota yake, yakapimwa, mteuzi akayapanga kwa madaraja. Madaraja hayo si matatu au manne; ni mengi, na kila daraja lina bei yake kwa kilo, tena bei hiyo ni ya dola ya Kimarekani. Hapo ndipo karani wa chama anapofungua kitabu. Uzito mara bei, robota kwa robota. Dola zigeuzwe shilingi. Toa mkopo wa mbolea, toa riba, toa makato ya chama, toa hiki na toa kile, hadi ibaki tarakimu moja ambayo mkulima ameisubiri tangu siku alipomwagilia kitalu. Tarakimu hiyo ikikosewa, mtoto hakosi kitu kidogo, hukosa ada. Na mkulima mmoja akishindwa kulipa mkopo, mara nyingi deni lake hugeuka kuwa la chama, wakakatwa na waliolipa. Ugomvi mwingi niliousikia katika mikutano mikuu ya vyama vya msingi chanzo chake kilikuwa makato ambayo mkulima hakuweza kuyaona yametokea wapi.

Hiyo ndiyo biashara ya programu. Iko pale, imekaa mezani, ina kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Karani huyo anahitaji programu inayofanya kazi bila intaneti, kwenye kompyuta iliyokwisha kutumika na wengine, umeme ukikatika isipoteze kitu, na kila mkulima apate kikaratasi kinachoonyesha kila kato kwa Kiswahili anachokielewa. Hakuna la ajabu hapo. Mtu mmoja anayejua kazi yake anaweza kuiandika katika miezi michache, ikiwa atakubali kukaa na karani siku nzima ya soko na kutazama anavyofanya kwa mkono. Lakini kwa kuwa haina la ajabu, haishindi zawadi jukwaani. Sijasikia bado majaji wa mashindano ya ubunifu wakisimama kuipigia makofi programu inayochapa risiti.

Mambo haya siyasemi kwa kubahatisha. Mimi naishi kwa kazi hii. Pamoja na mwenzangu mmoja, huuza na kutunza programu za hesabu kwa maduka ya pembejeo, wauza nafaka na vyama vichache vya ushirika, na hakuna mtu wa nje aliyewahi kuweka senti kwenye kazi yetu. Lakini kisa nitakachokieleza ni cha mtu mwingine.

Palikuwa na kijana wa Ulyankulu, mwenye akili kunishinda mimi, aliyeandika programu ya namna hiyo. Chama cha kwanza kilimlipa, kidogo, lakini kilimlipa. Vikafuata vitatu. Alikuwa akienda kwa baiskeli siku za soko, akakaa pembeni ya mizani, karani akikwama akamwita, naye usiku akarekebisha. Katika msimu mmoja programu ile ilikuwa imekomaa kuliko nyingi nilizoziona mjini. Kisha akashinda mashindano, na mfuko mmoja wa nje, ambao sitautaja, ukampa fedha nyingi kuliko alizowahi kuziona. Na masharti. Kila mwezi aeleze ameandikisha wakulima wangapi. Vyama visitozwe chochote, ili idadi ipande haraka. Kumbukumbu zitoke kwenye kompyuta ya karani zihamie kwenye seva ya mbali, ili wenye fedha waweze kuziona kwenye michoro yao ya rangi. Ofisi iwe Dar es Salaam. Kijana akahama. Simu ya karani ikaanza kupokewa na mtu mwingine, halafu ikawa haipokewi.

Mwaka wa tatu fedha ya pili haikuja. Wenye mfuko walikuwa wamebadilisha mawazo. Sasa walipenda mambo ya nishati ya jua. Ankara ya seva, ambayo ni ya dola, haikulipwa, na seva ikazimwa katikati ya msimu wa masoko. Nilipigiwa simu na karani wa kile chama cha kwanza, mama mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo miaka mingi bila doa. Akaniambia, "Kaka, vitabu vyangu vimekwenda wapi?" Kwa maana wakulima walikuwa wamekwisha kuanza kunong'ona kwamba kavificha yeye. Mkutano uliofuata kuna aliyesimama akamwita mwizi mbele ya wajukuu zake. Tulikaa naye siku tisa tukizirudisha hesabu kutoka kwenye nakala za karatasi ambazo, kwa tabia yake ya kizamani, hakuwa amezitupa. Zikakamilika, zikasomwa hadharani, akasafika. Lakini yule aliyemwita mwizi hajaomba radhi hadi leo.

Sasa nielewe vizuri. Kijana yule hakuwa tapeli na wala hakuzitapanya fedha. Kilichotokea ni kwamba alibadilishiwa mwajiri bila kujua. Zamani mwajiri wake alikuwa karani. Baadaye mwajiri akawa yule anayesoma taarifa ya kila mwezi. Programu nayo ikabadilika kumfuata mwajiri mpya, kama inavyopasa. Michoro ikazidi kupendeza na risiti ikasahauliwa. Mtu hufanya kazi ya anayemlipa. Sijui kwa nini tunashangaa.

Huku kwetu jambo hili si geni. Tabora ilijengwa na njia ya misafara, na misafara ilikuwa na namna mbili za kugharimiwa. Ile inayosimuliwa zaidi ni ya mkopo. Mfanyabiashara wa Unguja alikopa vitambaa, shanga na bunduki kwa matajiri wa Kihindi, akaenda bara, akatarajiwa kurudi na pembe za kulipa deni na faida yake. Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ameeleza mwenyewe katika habari za maisha yake, alizoziandika kwa Kiswahili, jinsi alivyokopeshwa na Taria Topan. Tusidanganyane: Tippu Tip alitajirika, na Taria Topan pia. Utajiri wenyewe tusisahau ulitoka wapi, maana pembe hazikubebwa peke yake bila machozi ya watu. Lakini kwa kila Tippu Tip mmoja walikuwapo wengine waliobaki bara, Tabora, Ujiji, Manyema, wakizeeka huko kwa kuwa kurudi pwani kulikuwa ni kurudi kwa mwenye deni. Hao hawakuandikiwa vitabu.

Namna ya pili ni ya Wanyamwezi wenyewe. Kabla Waarabu hawajajenga Tabora, watu wa huku walikuwa wanakwenda pwani kwa miguu yao, na pembe zao, na majembe na chumvi ya kubadilishana njiani. Walitoka kiangazi, na wengi walijitahidi kurejea kuwahi mvua, kwa sababu shamba lilikuwa linawangoja. Baadaye walipokuwa wapagazi wa misafara ya wengine, walifanya kazi hiyo kwa ujira, kwa mapatano, na hawakuogopa kugoma posho ikipunguzwa. Mtu aliyekuwa na shamba lake nyuma hakuwa mtu wa kuburutwa. Mirambo, ambaye himaya yake ilikuwamo Ulyankulu hiyo hiyo, alielewa vilevile kwamba nguvu iko kwa aliyekaa njiani pale bidhaa zinapopita. Alipofunga njia mwaka 1871 Waarabu wa Unyanyembe na wadai wao wa Unguja walishikwa na homa kwa pamoja.

Mfano wa fedha nyingi za mbali nao tunao jirani kabisa. Waingereza walipoleta Mpango wa Karanga mwaka 1947, Urambo ilikuwa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Nachingwea. Fedha zilikuwapo, matrekta yalikuwapo, wataalamu walikuwapo, ramani za kupendeza zilikuwapo. Hakukuwapo mtu aliyeuliza kwa makini wenyeji mvua hunyesha lini na udongo hugeuka nini jua likiwaka. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, baada ya kuteketeza kiasi cha pauni milioni 36 za walipa kodi wa Uingereza. Kilichokuja kuota Urambo baadaye kilikuwa tumbaku, iliyolimwa na wakulima mmoja mmoja.

Na Ulyankulu yenyewe? Watu waliokimbia mauaji ya Burundi walipewa pori, jembe, na chakula cha kuanzia. Maji yalikuwa haba hata sehemu kubwa yao wakahamishiwa Mishamo mwishoni mwa miaka ya 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 makazi yale yalihesabiwa kuwa yanajitegemea, na UNHCR ikakabidhi shughuli kwa serikali yetu. Tangu hapo waliishi kwa walichouza, miaka mingi kabla ya vyeti vya uraia kuanza kutolewa mwaka 2014. Chakula cha kuanzia sikidharau. Mtu hawezi kulima na njaa. Lakini kilikuwa cha kumfikisha kwenye mavuno ya kwanza, basi.

Watasema hizo ni hadithi za mababu, kompyuta ni dunia nyingine. Haya, twende kwenye kompyuta. Mwaka 1986, huko Bangalore, Shyam Sunder Goenka, mfanyabiashara aliyekuwa akiviuzia viwanda malighafi, alitafuta programu ya kumwekea hesabu zake akakosa inayomfaa. Akamwambia mwanawe Bharat aiandike. Ndivyo ilivyozaliwa Tally, ambayo leo utaikuta katika ofisi za wauzaji wa jumla wa Dar es Salaam na Mwanza, na wahasibu wetu huandika katika barua za kuomba kazi kwamba wanaijua. Mteja wa kwanza wa programu ile alikuwa baba wa mwandishi, na baba mfanyabiashara si mtu wa kusifu kitu kisichofanya kazi. Au mtazame Sridhar Vembu, aliyeanza mwaka 1996 kampuni inayoitwa leo Zoho. Hajachukua fedha za mifuko ya uwekezaji. Kampuni ina wafanyakazi zaidi ya 10,000, na yeye mwaka 2019 alihamia kijijini, wilaya ya Tenkasi, kusini kabisa mwa India. Kijijini! Wale wanaosema mtu hawezi kuandika programu ya maana akiwa mbali na mji mkuu wamwandikie yeye barua.

Nairobi, ambako vijana wetu hutazama kama mbinguni, kuna darasa la kutosha. Kune, waliokuwa wakiuza chakula kilichopikwa, walipata dola milioni 1 mwaka 2021 na Juni 2022 wakafunga. Sendy ya usafirishaji wa mizigo ilifunga mwaka 2023. iProcure, iliyokuwa ikihudumia maduka ya pembejeo, biashara inayofanana kabisa na ya huku kwetu, iliwekwa chini ya msimamizi Aprili 2024 kwa kushindwa na madeni, na mwezi uliofuata ikafuata Copia, ambayo ilikuwa imekusanya zaidi ya dola milioni 100. Sisemi walikuwa wajinga. Walikuwa na watu hodari. Lakini fedha ilipokoma kutoka juu, chini hapakuwa na wateja wa kutosha wanaolipa bei inayotosha. Nairobi hiyo hiyo iko Craft Silicon ya Kamal Budhabhatti, iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa kuziuzia benki programu, na benki zikilipa. Hiyo haizungumzwi sana barazani, labda kwa kuwa haina sherehe.

Nikubali jambo moja, maana nisipolikubali nitakuwa mnafiki. Zipo kazi za programu ambazo mtu mwenye mfuko mdogo hawezi kuzigusa. Ukitaka kushika fedha za watu na kuzihamisha, Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa ya mwaka 2015 inakutaka leseni, na leseni inataka mtaji na ofisi na watu. Huko kuna haki ya kutafuta wawekezaji. Ila wengi wanaowatafuta hawafanyi kazi hizo. Wanaandika programu ya hesabu ya duka, ya shule, ya zahanati, ya ghala, kisha wanadai wanahitaji dola laki tano. Za nini? Kompyuta unayo. Chumba unacho. Muda unao, kwa kuwa umeutumia wote kuandika maombi ya ruzuku.

Huja pingamizi la pili, na hili ndilo zito: watu wetu ni maskini, hawawezi kulipia programu. Silikubali hata kidogo. Chama cha msingi cha wanachama 300 hununua vitabu vya karatasi, hulipa vibarua wa kusaidia hesabu wakati wa masoko, hulipa nauli za kwenda Tabora kusuluhisha tarakimu zisizokubaliana. Kitoze shilingi 1,000 kwa mwanachama kwa msimu, ni shilingi 300,000. Vyama kumi ni milioni tatu, na hapo nakiri hujapata maisha. Una familia na kodi ya nyumba. Vyama thelathini ni milioni tisa kwa mwaka, na mtu aliyejenga kwake, mwenye ekari zake za mahindi, huku kwetu anaishi na kusomesha. Kufika vyama thelathini ni miaka minne au mitano ya vumbi. Katikati yake utatengeneza simu, utachapa barua za watu, utafundisha jioni. Wapagazi walirudi shambani mvua ziliponyesha, na hakuna aliyewaona kuwa wameshindwa safari.

Wale wanaotoa bure kwa jina la kuwahurumia maskini ndio wanaonikera kuliko wote. Karani anayelipa shilingi 300,000 akikupigia simu alfajiri kwamba printa inatoa namba za kichina, unainuka kitandani. Anayepewa bure anaona haya kukupigia, na akikaa kimya wewe husemi kwamba programu ni mbovu. Unasema imepokewa vizuri. Miaka yote ya ubovu huo huhesabiwa katika taarifa kuwa ni mafanikio. Bei ndiyo inayompa mteja mdomo.

Muda wa kudai nao una elimu yake, ambayo haifundishwi chuoni. Usipeleke ankara mwezi wa pili, wakati chama hakina kitu ila madeni ya mbolea. Ipeleke masoko yakiwa yamechangamka, na mapatano yawe yameandikwa na kupitishwa na mkutano tangu mapema, si na mwenyekiti peke yake. Wenyeviti hubadilika. Nimeona mwenyekiti mpya akikana mkataba wa mwenzake kwa kuwa tu hakualikwa chai siku unasainiwa.

Jihadhari pia na mteja mkubwa mmoja. Huyu huja na ahadi ya kukununulia kila kitu, taasisi au kampuni yenye magari mengi, akataka ubadilishe programu iwe ya kwake. Baada ya mwaka mmoja umewaacha makarani wako kumi, unamngoja yeye akulipe siku 90, halafu 180, na huna pa kwenda. Huyo hana tofauti na mwekezaji. Amebadili kanzu tu. Kanuni yetu mimi na mwenzangu ni kwamba hakuna mteja anayefikisha theluthi ya mapato. Akifikia hapo, tunatafuta wengine kabla ya kumwongezea kazi. Tumewahi kuikataa zabuni kwa ajili ya kanuni hii, na mke wangu hakunisemesha siku mbili.

Serikali nayo, kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, ina mfumo wake wa vyama, unaoitwa MUVU. Wapo wanaoniambia huo ndio mwisho wa watu kama sisi. Mimi naona ni kinyume. Mfumo wa serikali upo ili chama kisimamiwe. Karani bado yuko pale mizanini, na foleni ya wakulima, na umeme umekatika. Mwenye programu ndogo aitoe taarifa yake kwa namna ambayo karani ataihamishia kwenye mfumo mkubwa bila kuandika upya. Kazi hiyo mkubwa hawezi kuja kuifanya Ulyankulu kwa kila chama.

Kuhusu wizi wa programu, ambao vijana huuogopa sana: ni kweli, binamu wa karani atainakili kwenye flashi na kuipeleka Kaliua. Mwache. Msimu ujao madaraja yatabadilika bei, makato yatabadilika, na nakala ya binamu itakuwa inatoa hesabu za mwaka jana. Atakutafuta. Vyama viwili kati ya wateja wetu walikuja kwa njia hiyo, na hatukuwauliza waliipata wapi.

Jambo la mwisho ni la kumbukumbu zenyewe. Tangu kisa cha yule mama, hatuweki hesabu za chama mahali ambapo chama hakiwezi kuzifikia sisi tukifa. Zinakaa kwenye kompyuta yao, nakala kwenye flashi iliyofungiwa kabatini, na kila Jumamosi ya soko zinachapwa kwenye karatasi na kusainiwa na karani na wajumbe wawili. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inasema mengi juu ya kutunza habari za watu, na ni vizuri kuisoma. Lakini karatasi iliyosainiwa ndiyo inayosomwa mkutanoni mtu akisimama kusema ameibiwa, na printa ya kuichapa, iwe ya chama au yako, ndicho kitu cha kwanza cha kununua ukipata laki tatu za mwanzo.